Sarafu ya Chini ya Ulimi

Wali ulichacha kabla haujapoa. Herminia aliupakua asubuhi ukiwa bado unafuka moshi, akaonja punje chache kwa ncha ya kijiko kama alivyofanya maisha yake yote, na alipogeuka kuchukua sahani, sufuria nzima ikawa inanuka kama mdomo wa mtu aliyelala na njaa. Haikuwa harufu ya kiporo. Hiyo kila mpishi anaijua. Hii ilikuwa harufu ya mate.

"Santo," alimwita mumewe, "hebu njoo unuse hapa."

Crisanto Ilagan alifika mlangoni, akanusa kutoka huko huko, akarudi nyuma na kuziba pua. "Mwaga! Tena mwaga mbali, usije ukamwaga kwenye sinki."

Huyo ndiye Crisanto. Mji mzima wa Taal tulimjua kwa kinyaa chake. Kwenye sikukuu ya mtakatifu wetu, watu tukila kwa mikono juu ya majani ya mgomba, yeye alichomoa mfukoni kijiko chake kilichofungwa kwenye leso. Glasi ya mtu hanywei. Akimwamkia mzee na kuugusisha mkono wa mzee kwenye paji la uso wake, kama adabu inavyotaka, baadaye utamwona anajipangusa kisirisiri. Tulimcheka, na mkewe alicheka kutuzidi, maana Mungu naye ana mizaha yake: mtu wa kinyaa namna ile alioa mpishi, ambaye kazi yake ni kuonja. Hapakuwa na harusi wala ubatizo Taal usiopikiwa na Herminia. Jodari wake wadogo, waliolala chunguni kutwa nzima kwa moto wa taratibu, pamoja na mbirimbi zilizokaushwa, walisafirishwa mpaka Manila. Chumvi hakupima. Alikuwa na kisahani chake cheupe cha kuonjea. Anadondoshea mchuzi, anaunyonya, anafumba macho, basi.

Kitu kimoja tu kichafu ndicho Crisanto alikipenda: sarafu kuukuu. Hasa zile za majaribio, ambazo kiwanda cha sarafu cha Manila kilipiga chache wakati wa Wahispania, ili wakubwa watazame kama sura ya malkia imekaa sawa kabla ya kupiga za sokoni. Sarafu ya namna hiyo haijawahi kununua hata kitunguu. Ilitazamwa, ikakubaliwa au ikakataliwa, kisha ikayeyushwa. Iliyoponyoka moto ndiyo inayowatoa udenda wakusanyaji. Na hao watu wana amri yao, wanaishika kuliko zile kumi za Musa: usioshe. Weusi ulioganda juu ya fedha ndio ushahidi wa umri wake. Ukiusugua, umeiua sarafu. Crisanto, ambaye hakuvumilia doa kwenye kikombe, angeweza kumpiga ngumi mtu kwa kupangusa sarafu yake kwa kidole.

Wiki ile ile, kabla ya wali kuchacha, alikuwa ameipata aliyoiota miaka yote.

Habari aliletewa na Paking, rafiki yake na mkusanyaji mwenzake, mgane mcheshi aliyekuwa akimlea mjukuu wake wa kike na kula naye sahani moja. Paking alisikia kwamba huko San Luis kuna kikongwe, Bibi Saturnina, aliyeshindwa kufa. Kasisi alishampaka mafuta, jeneza lilishanunuliwa, na bado kifua kilipanda na kushuka. Jamaa zake walijua sababu. Alikuwa na kitu chini ya ulimi.

"Babu wa babu yake alikuwa mpiga sarafu Manila," Bining, mpwa wa kikongwe, aliwaeleza wageni hao wawili kwa kunong'ona, kitandani pa mgonjwa. "Walinzi waliwapekua mpaka kwenye nywele. Yeye akaitoa kiwandani ameificha mdomoni. Kufika nyumbani, akakuta amekuja na mwenyewe."

"Mwenyewe gani?" Paking aliuliza.

"Wasio kama sisi, mjomba. Usinitajishe jina lake." Bining alijipiga ishara ya msalaba. "Tangu hapo inapokewa mdomo kwa mdomo. Kila Ijumaa Kuu mwenye nayo anashinda nayo mdomoni, ili jini lisile watu wa nyumbani. Na hafi mpaka apokewe. Sisi humu ndani hakuna anayeitaka. Mkiitaka ni yenu, bure, ila muichukue kwa taratibu yake."

"Kwa mdomo? Huyu?" Paking alishindwa kujizuia, akacheka. "Huyu hata mkewe alimbusu siku ya harusi kwa kuazima ujasiri!"

Crisanto hakucheka. Kikongwe alikuwa amefumbua midomo kidogo, na katikati ya fizi za rangi ya majivu palionekana ukingo wa fedha nyeusi. Akavaa glavu zake za pamba. Akatoa kibano chake cha plastiki, kile kisichokwaruza. Alipoibana sarafu na kuivuta, ulimi wa Bibi Saturnina uliifuata nje, mrefu, mkavu, umeing'ang'ania kama konokono anavyong'ang'ania jiwe, na ute mzito wa kijivu ukanyooka kutoka mdomoni mpaka kwenye kibano bila kukatika. Crisanto alivuta tena. Ikatoka kwa mlio wa kunyonya. Kikongwe akashusha pumzi yake ya mwisho, na harufu iliyojaa chumbani ilimfanya Paking akimbilie dirishani.

"Mjomba, hivyo sivyo!" Bining alilia. "Hivyo haijapokewa! Sasa litakaa wapi?"

Crisanto alikuwa tayari ameiweka sarafu kwenye mwanga. Ilikuwa na sura ya malkia, imepigwa upande mmoja tu, na mchongaji alikuwa amekosea mdomo: aliuacha wazi kidogo, kama mtu anayengoja kulishwa. Bila shaka ndiyo maana ilikataliwa.

"Habari ilikuwa yangu," Paking alisema njiani. Hakuwa akicheka tena.

"Na kibano kilikuwa changu," Crisanto akajibu.

Kufika nyumbani alitaka kuipiga picha, na sarafu nyeusi inahitaji kitu cheupe chini yake. Akachukua kisahani cha mkewe cha kuonjea. Alipomaliza, akakipangusa kwa karatasi kavu na kukirudisha pale pale jikoni. Yeye, mwenye kinyaa chote kile! Tamaa ikishika, hata pua huziba. Sarafu aliifungia ndani ya kijisanduku cha plastiki ngumu, na ute wake, na uchafu wake, bila kugusa hata tone.

Basi wali ukachacha. Kesho yake supu ikavuta ute. Herminia alidhani ni maji, akabadilisha maji. Alidhani ni chumvi, akabadilisha chumvi. Kisha ukaja ubatizo wa mjukuu wa mwalimu mkuu. Meza zilipangwa uani, jodari wakapakuliwa wakiwa wekundu na wazuri wa kutazamwa, watu wakatia tonge la kwanza, na mataya yakasimama. Mwalimu mkuu alikuwa wa kwanza kutema. Baadaye walisema ilikuwa kama kutafuna kitu ambacho mtu mwingine alishakitafuna na kukitema, kingali vuguvugu. Wanawake walitapikia kwenye mitandio yao. Herminia alisimama na mwiko mkononi, akitazama wageni wakisukutua midomo kwa bia, na aibu aliyoipata siku ile simtakii hata adui yangu.

Kuanzia hapo hakuna aliyemwita kupika. Yeye mwenyewe hakuweza kula. Fizi zake zilifanya mstari mweusi, mwembamba, kama wanja. Alipiga mswaki mpaka akatoa damu, na damu yenyewe ilinuka. Mchana, watu walipojipumzisha kukwepa jua, Crisanto alisikia kutafuna. Mkewe alikuwa amelala chali, macho yamefumba, taya linakwenda polepole kama la ng'ombe, na ndani yake kitu kigumu kinagonga meno, kwa, kwa, kwa.

"Minya," alinong'ona, "una nini mdomoni?"

Aliacha kutafuna. Kwa sauti isiyokuwa yake, sauti ya pengo na fizi, akasema: "Nalishwa na mwiko. Mwenye mkono ulionichukua ananionea kinyaa."

Crisanto alikimbilia uani, akatapika. Hakulala tena chumba kimoja na mkewe. Alimwambia ni kwa sababu ya joto.

Aliyemleta mganga alikuwa Herminia mwenyewe. Mama Ditas alikuwa mkunga na mtu wa dawa, mnene, mkali, anayeingia nyumba za watu bila kubisha hodi lakini wasio kama sisi huwabishia kwanza. Alimkalisha Herminia, akayeyusha mshumaa, akadondosha nta kwenye beseni la maji. Nta ikaganda. Watatu wote waliona ilichokifanya: midomo miwili, imefunguka kidogo.

"Umeingiza nini humu ndani, Crisanto?"

Akasema. Akaonyesha. Mama Ditas aliitazama sarafu ndani ya plastiki, akafunga pua kwa kanga—maana hata kwenye plastiki ilinuka—akatikisa kichwa.

"Sikiliza, mwanangu. Hilo linalala kwenye huo weusi. Ni mate ya wafu ukoo mzima, yameganda moja juu ya jingine. Iloweke kwenye ndimu, uisugue kwa jivu na chumvi mpaka iwe nyeupe kama siku iliyopigwa. Likikosa kitanda, litaondoka kwa huyu mkeo. Kisha mimi nitaipeleka mtoni."

"Kuiosha?"

"Kuiosha. Nimesema Kichina?"

"Mama Ditas, haioshwi. Ukiiosha, si kitu tena."

"Na huyu je?" alimwonyeshea Herminia kidole. "Huyu ni kitu?"

Crisanto aliomba mganga ndiye aioshe, maana yeye hana moyo wa kuisugua. Akaenda chumbani kuitoa kwenye plastiki. Alikaa huko kitambo. Alirudi na sarafu nyeusi yenye sura ya malkia, Mama Ditas akaisugua huku akisali, ikang'aa, akaifunga kwenye kitambaa chekundu na kwenda kuitupa mto Pansipit. Crisanto alimsindikiza mpaka barabarani, akamshukuru mno.

Aliporudi, mkewe alikuwa ameketi pale pale. Alizungumza kwa shida, mate yakimtoka pembeni mwa mdomo.

"Santo. Mimi nimesugua sufuria tangu nikiwa na miaka saba. Sufuria iliyoungua jana tu haitakati kwa kusugua mara mbili. Ule weusi ulitoka mikononi mwa Mama Ditas kama vumbi."

"Minya, unaumwa, usi..."

"Ulimpa ya sokoni. Moja ya zile ulizonazo nyingi." Akafungua mdomo, akamwonyesha. Mstari wa wanja ulikuwa umepanda, fizi zote nyeusi, na ulimi nao umeanza. "Kuna ile, na kuna mimi. Taja moja."

Hapo ndipo ninapomchukia Crisanto, na nitamchukia hapo hapo hata akija kuwa mtakatifu. Mwanamke aliyemlisha miaka yote alikuwa anaoza mbele yake akiwa hai, na yeye akatazama sakafu.

Kitu ndani ya mdomo wa Herminia kikacheka. Alichekwa na mkewe bila mkewe kucheka. Midomo ilitulia, macho yalilia, na kicheko kikatoka chini ya ulimi, laini, chenye povu.

Mvua ya alasiri ilinyesha siku iliyofuata, ile inayogonga mabati mpaka watu wa ndani wapige kelele wakitaka kusikilizana, na Herminia hakuweza tena kufunga mdomo. Ulimi ulikuwa umejaa. Pumzi iliingia na kutoka kwa mkoromo ule ule wa San Luis. Crisanto aliusikia, akautambua, na hofu ikamshika hatimaye mahali tamaa ilipokuwa. Alikimbia jikoni kuchukua jivu, akachukua ndimu, akachukua chumvi, akafungua kabati, akatoa kijisanduku cha plastiki kilichofungwa kama alivyokifunga, na ndani yake hapakuwa na sarafu bali tonge la wali uliotafunwa, uliolowa, wenye funza weupe waliokuwa wakipanda juu ya plastiki wakitafuta njia, na nyuma yake, katikati ya kishindo cha mvua, akasikia fedha ikigonga meno ya mkewe, kwa, kwa, kwa.

Alimleta Mama Ditas mbio, wote wamelowa. Mganga alimfungua Herminia mdomo kwa vidole viwili, akachungulia, akamtemea Crisanto miguuni.

"Mwongo we! Nimetupa mtoni sarafu ya nani? Sasa jivu halina kazi. Halilali tena kwenye uchafu, linalala kwa mkeo. Na usitegemee atakufa upesi. Atabaki hivi hivi, anaoza hafi, kama yule bibi yako wa San Luis."

"Nifanye nini? Niambie, mama yangu, nitafanya."

"Unajua la kufanya. Uliambiwa tangu siku ya kwanza."

Crisanto akatia mkono mfukoni kwa mazoea, akatoa kibano. Mama Ditas akakipiga kikaruka hadi chini ya kitanda.

Herminia alimtazama mumewe. Hakuweza kusema, lakini alitikisa kichwa, akimkataza, akajaribu kugeuza uso ukutani. Nadhani hilo ndilo lililomsukuma. Alipiga magoti, akamshika mkewe mashavu, mikono mitupu, na mtu yule ambaye hakuwahi kunywa glasi ya mwenzake, aliyefunga kijiko chake kwenye leso, akaweka mdomo wake juu ya mdomo ule mweusi uliokuwa ukichuruzika, akasukuma ulimi wake ndani ya ute mnene, vuguvugu, wenye ladha ya kaburi na wali uliochacha na meno ya watu asiowajua, akatafuta kwa ulimi chini ya ulimi, akitapika na kumeza alichotapika ili asiachie, mpaka akaigusa fedha, nayo ikageuka yenyewe, ikapanda juu ya ulimi wake kama kitu chenye miguu, ikaingia chini, ikajilaza.

Herminia akavuta pumzi ndefu. Akapiga kelele. Ilikuwa sauti yake.

Alipona upesi. Fizi zilirudi nyekundu, na siku alipoonja mchuzi na mchuzi ukabaki mchuzi, alikaa chini jikoni akalia. Watu walirudi mmoja mmoja, kwa aibu, na vyombo vyao. Leo jodari wake wanakwenda tena Manila.

Crisanto hakai mezani. Anakula nyuma ya nyumba, kutoka sahani ambayo hakuna mwingine anayeigusa, na ukipita ukutani utasikia ile kwa, kwa, kwa. Hasemi, na sarafu haitoki mpaka ipokewe. Mdomo wake amefunga leso, ile ile ya kijiko. Harufu anaisikia mwenyewe kila anapovuta pumzi, na kwa mtu kama yeye sijui kama moto wa jehanamu ungekuwa na la kuongeza. Herminia humwekea mto kibarazani jioni, humkalia karibu, humshika mkono. Kumbusu hawezi, na mumewe hamruhusu.

Jumapili moja baada ya misa, Paking alikuja. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na nywele zinanuka mafuta. Aliketi mbele ya Crisanto, akasogeza kiti, akasogeza tena.

"Ndugu yangu, nionyeshe tu. Niione mara moja."

Crisanto alitikisa kichwa. Paking akabembeleza, akakumbusha kwamba habari ilikuwa yake. Mwishowe Crisanto alifungua leso, akafungua mdomo, ili amtishe aende zake. Nzi waliokuwa ukutani walikuja. Paking hakurudi nyuma. Aliinama mpaka pua yake ikakaribia meno, akatoa kioo chake cha kukuza, akaangalia chini ya ule ulimi mweusi kwa muda mrefu, akimeza mate.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Haijaoshwa."

Akasimama, akaenda jikoni. Herminia alikuwa akigeuza jodari chunguni. Alikuwa amesikia yote. Ukuta wenyewe ni mbao.

"Shemeji," Paking alisema, akijipangusa midomo kwa kiganja, "nisaidie maji kidogo nisukutue. Nimekula kitunguu asubuhi, sitaki kumkera nikiipokea."

Herminia alimwangalia. Kupitia dirishani aliona lango, na nje ya lango mjukuu wa Paking, akiruka kamba, akimngoja babu yake warudi nyumbani kula sahani moja. Aliona pia kibaraza, na mgongo wa mumewe, na leso iliyoanguka miguuni pake. Akaweka mwiko chini. Akachukua glasi safi, akaijaza maji mpaka juu, akatia na chumvi kidogo, akaikoroga vizuri, akampa.